Hali Shwari, Afande

Swa, swa, swa. Kimya kidogo. Swa, swa.

Ilikuwa burashi ya viatu. Nje kulikuwa bado giza, saa kumi na moja alfajiri, ile saa ambayo hata jogoo anajishauri kwanza. Katika kota ya vyumba viwili, safu ya nne ya kambi, mwanamke mmoja alikuwa amelala chali, macho wazi, akimsikiliza mumewe aking'arisha buti sebuleni. Mwanamke huyu hakuhitaji utabiri wa hali ya hewa. Burashi ikienda taratibu, baba kaamka na roho nyeupe. Kutakuwa na chai, pengine hata utani. Ikienda mbio kama mtu anayefukuza nzi, basi siku hiyo mama atavaa mikono mirefu hata jua likiwa la kupasua mawe.

Asubuhi ile burashi ilikwenda taratibu. Mvua ilikuwa imekatika na matone ya mwisho yalidondoka kutoka kwenye bati. Mama alinyoosha mkono hadi kitanda kidogo cha pembeni, akamfunika binti yake shuka, akajiruhusu kuvuta pumzi ndefu.

Burashi ikasimama.

"Wewe," sauti ya mumewe ikaita. "Njoo hapa."

Akiwa na roho nyeupe alimwita Fundi. "Wewe" lilikuwa jina la siku zile nyingine.

Jamaa zangu, kabla hajaweka mguu sakafuni, niacheni kwanza niwaambie hawa ni nani, maana kisa kisicho na watu ni kelele tu.

Kambini ni wachache wanaoitwa kwa majina yao. Mama huyu aliitwa Fundi kwa sababu ya cherehani yake, iliyokaa chini ya dirisha la sebuleni. Nusu ya kikosi ilivaa suruali alizozipunguza kiuno na mashati aliyoyashonea tepe za vyeo. Mumewe aliitwa Koplo, maana ndicho cheo chake: tepe mbili mkononi, kwa miaka saba sasa. Binti yao wa miaka sita aliitwa Kidoti, kwa alama nyeusi iliyokaa juu ya mdomo wake kama nukta ambayo mwandishi aliisahau.

Kidoti alipokuwa na miaka minne, baba yake alimfundisha mchezo. Kila jioni Koplo akirudi, mtoto asimame mlangoni, visigino pamoja, mikono imenyooka, atamke: "Hali shwari, afande!" Ndivyo mlinzi anavyotoa ripoti lindoni anapopokewa zamu. Koplo angempigia saluti ya nguvu, halafu pipi ingetoka mfukoni. Safu nzima ilicheka. Wanawake waliacha kuanika nguo wakaja kutazama. "Huyu atakuwa jenerali," walisema, "sisi tutamfulia magwanda."

Kisha Koplo akapelekwa operesheni ya mpakani, mwaka mmoja na miezi miwili. Aliporudi, mchezo ukawa amri, na pipi ikaisha. Alirudi hataki mlango ugongwe kwa nguvu, hataki sufuria idondoke, anakaa kitini ameuelekea mlango kama anayemngoja mdai. Kofi la kwanza lilitokana na kijiko kilichoanguka. Siku ile alilia yeye mwenyewe, akapiga magoti, akaapa. Mara ya pili hakupiga magoti. Mara ya tatu hakulia.

Na kuta za kota mnazijua. Ukipiga chafya namba tisa, namba kumi wanakuambia "afya." Basi na kofi husikika. Ile mara ya tatu, Fundi akiwa ameinamia sakafu, alisikia redio ya jirani wa kulia ikipandishwa sauti. Kisha ya kushoto. Kisha za mbele, moja baada ya moja, mpaka safu nzima ikawa kama kuna harusi. Watu wote walikuwemo majumbani mwao, na Fundi alikuwa peke yake kama mtu aliyeachwa jangwani.

Alijaribu kusema. Nataka hili mlikumbuke, kwa sababu tunapenda kuuliza, "Mbona hakusema?" Alisema. Alikwenda kwa jirani wa namba kumi, Mama Pacha, mke wa Sajini aliyekuwa msimamizi wa Koplo. Mama Pacha akamshika bega, akamwambia, "Shoga, ndoa ni kuvumiliana, lakini hili nitamfikishia baba yao."

Sajini hakuwa mtu mbaya. Alimwita Koplo, akamfokea nusu saa, akampa lindo la ziada siku tatu mfululizo. Kisha akaja mwenyewe kwa Fundi, kofia mkononi, amejaa heshima.

"Shemeji, nimemnyoosha. Sasa tulimalize humu humu kikosini. Likifika juu linaingia kwenye faili. Faili likichafuka, hapandi cheo. Akifukuzwa je? Kota hii ni ya kazi, si ya mtu. Utabeba cherehani na mtoto uende wapi?"

"Ahsante, shemeji," Fundi akasema. Angesema nini?

Lakini hapo ndipo penye kosa, na ni kosa ambalo wanajeshi hulifanya kwa moyo safi kabisa. Kikosini kila kosa lina adhabu yake, na adhabu ikitumikiwa kosa limekwisha. Umechelewa gwaride, kimbia uwanja. Bunduki ina vumbi, lala lindoni. Sajini alilitibu kofi kama anavyotibu buti chafu. Siku ya nne Koplo alirudi kutoka lindoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akafunga dirisha. Akawasha redio yeye mwenyewe.

"Umeniripoti," alisema.

Siku hiyo ndipo alipomshika Fundi shingo kwa mara ya kwanza.

Tangu hapo Fundi alikaa kimya. Simu ilikaa kwa Koplo. Jumapili aliruhusiwa kuongea na mama yake mzazi, sauti ikiwa imefunguliwa chumba kizima, Koplo kando yake akikata kucha.

"Mnaendeleaje, mwanangu?"

"Tunaendelea vizuri, mama."

"Mbona sauti yako imekonda?"

"Ni mtandao, mama. Unakatakata."

Haya. Sasa tumrudie, amekwishaweka mguu sakafuni.

Sebuleni taa ilikuwa inawaka. Koplo alikuwa amesimama mbele ya cherehani, buti moja mkononi, mkono mwingine umeinua shati la jeshi. Mkononi mwa shati kulikuwa na tepe tatu, mpya, zimeshonwa upande mmoja.

"La nani hili?"

"La yule kijana wa ghala," Fundi akajibu. "Amelileta jana mchana. Analitaka leo."

Kijana wa ghala aliingia jeshini Koplo akiwa tayari ana tepe mbili. Koplo ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za buti. Wiki ile majina ya waliopanda cheo yalikuwa yamebandikwa, na la Koplo halikuwemo.

"Kwa hiyo ukaona umshonee usajini humu ndani. Nyumbani kwangu. Ili nikiamka niuone."

"Baba Kidoti, ni kazi tu."

"Unanicheka."

"Sikucheki."

"Unanicheka na cherehani yako!"

Akamshika kifundo cha mkono, ule wa kulia, wa kushikia nguo na kuiongoza chini ya sindano, akaukunja. Kilisikika kitu kama kijiti kikavu kikivunjika. Saa ile redio za jirani zilikuwa bado zimelala.

Koplo mwenyewe aliogopa. Mkono ulivimba mbele ya macho yake kama unga uliotiwa hamira. Alizunguka chumba, akafungua kabati, akalifunga. Kisha akachuchumaa mbele ya mkewe, akasema polepole, kama anayemfundisha kuruta: "Umeteleza bafuni. Umesikia? Bafuni. Kulikuwa na maji."

"Kulikuwa na maji," Fundi akarudia.

Mlangoni mwa chumba, Kidoti alikuwa amesimama na gauni lake la kulalia. Hakuna aliyejua kasimama pale tangu saa ngapi.

Zahanati ya kambi ilifunguliwa saa moja. Muuguzi wa zamu alikuwa mama wa makamo, mjane wa mwanajeshi, wote walimwita Sista. Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na ulimi uliowahi kumtoa luteni machozi. Aliutazama mkono, akamtazama mwenye mkono, akamtazama mume aliyesimama nyuma, ameshika kofia na mkoba wa mkewe.

"Kumetokea nini?"

"Ameteleza bafuni," Koplo akasema.

"Nimemuuliza yeye, Koplo. Wewe umeumia wapi?"

"Nimeteleza bafuni," Fundi akasema.

Sista akaandika. Kisha akamwinamia Kidoti aliyekaa kwenye benchi, miguu haifiki chini. "Na wewe mjukuu wangu, hujambo?"

Mtoto akaruka kutoka kwenye benchi. Visigino, pa! Mikono ikanyooka. Kidevu juu.

"Hali shwari, afande!"

Watu wawili waliokuwa wakisubiri dawa wakacheka. Koplo naye akacheka. "Nidhamu hiyo, Sista. Ameanza mafunzo mapema."

"Naona," Sista akasema. Alicheka pia, lakini macho yake hayakucheka. Aliona kwamba mtoto yule, hata baada ya kila mtu kucheka, hakulegeza mikono. Alikuwa akimtazama baba yake kujua kama amesema sawasawa.

"Koplo, subiri hapa," Sista akasema. "Chumba cha kufunga mifupa anaingia majeruhi peke yake. Na watoto wa chini ya miaka saba."

"Mimi ni mumewe."

"Hongera. Ni amri ya zahanati, imebandikwa nyuma ya mlango."

Mwanajeshi akisikia amri, miguu yake husimama kabla kichwa hakijauliza. Koplo akakaa. Nyuma ya ule mlango, niwaambieni ukweli, kulikuwa na ratiba ya chanjo za watoto, basi.

Ndani, Sista akampa Kidoti kipande cha bandeji amfunge mguu mdoli wa mbao. Akaanza kuuosha mkono wa Fundi, bila haraka.

"Umeteleza bafuni."

"Ndiyo, Sista."

"Mwanangu, mimi nimeishi kwenye kota hizo miaka kumi na miwili. Lile bafu, mtu hana nafasi ya kuanguka. Ukiteleza unaegemea ukuta wa mbele, ukirudi nyuma unaegemea mlango. Hata sabuni yenyewe haina pa kudondokea."

Fundi akataka kucheka. Kikatoka kitu kingine. Akaziba mdomo kwa mkono mzima ili mtoto asisikie.

"Nikisema," akauliza, "atafukuzwa kazi?"

"Sijui," Sista akasema. "Sitakudanganya, naweza nikakuambia hapana na kesho ikawa ndiyo. Ninachokijua ni hiki: mimi sitampigia Sajini. Mlango wa Sajini ukiingia, unatokea tena nyumbani kwako. Amewahi kukushika hapa?" Akagusa shingo yake mwenyewe.

Fundi akaitikia kwa kichwa.

Mikono ya Sista ikasimama. "Mara ngapi?"

"Mara mbili. Ya pili sikumbuki mwisho wake."

"Bunduki huja nayo nyumbani?"

"Akitoka lindo la asubuhi hupitia nyumbani nayo kabla ya kuirudisha. Huiegemeza kwenye kabati."

"Na huyu hapa?" Sista akauliza, bila kumtazama Kidoti.

"Hajamgusa. Hajawahi." Fundi alisema hivyo haraka, kama anayetoa kitu pekee kizuri alichobakiza. Kisha akamwangalia binti yake akimfunga mdoli. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo mno. "Wiki iliyopita Mama Pacha alikuja kuazima mkasi. Nilikuwa chini, jikoni, mdomo unatoka damu, siwezi kuinuka. Mtoto akaenda mlangoni mwenyewe. Akafungua kidogo tu. Nikamsikia anamwambia, hali shwari. Na Mama Pacha akaondoka. Sikumwagiza, Sista. Sikumwagiza mimi, wala baba yake hakuwepo kumwagiza."

Wenzangu wenye watoto, hapo ndipo Fundi alipoona. Si mkono, si shingo. Aliona kwamba mtoto wake wa miaka sita amekwishapewa lindo, na analinda siri itakayomuua mama yake.

Mlango ukagongwa. "Sista! Mnachelewa, nina gwaride!"

"Plasta haijakauka, Koplo!" Sista akajibu. Plasta yenyewe ilikuwa bado imo kwenye mfuko wake. Akashusha sauti. "Nimpigie nani, mwanangu? Useme wewe. Mimi ni mikono tu."

Fundi akautazama mlango. Akaiona kota, cherehani, shuka mbili, sufuria tatu, vyote vikiwa barabarani. Akamtazama Kidoti.

"Mpigie yeyote," akasema, "asiye Sajini."

Sista akampigia daktari, daktari akampigia afisa ustawi wa kambi, na afisa ustawi akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa kikosi bila kupitia kwa mtu. Daktari alikuja akaunyoosha mkono, akaandika yote aliyoyaona, akajaza fomu ya polisi. Haikupita saa nzima, askari wawili wa polisi wa jeshi wakaingia na kusimama mbele ya benchi la Koplo. Walikuwa wapole. Walimwita kwa cheo chake.

Koplo akainuka. Alipoona mlango wa chumba uko wazi na mkewe amekaa ndani, mkono umefungwa plasta, akamwita kwa lile jina zuri, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Fundi! Waambie. Waambie uliteleza."

Ukumbi mzima ukamgeukia. Hata mtoto mchanga aliyekuwa akilia foleni ya dawa alitulia. Fundi alihisi macho ya kila mtu, na hakukuwa na redio ya kumfunika.

"Sikuteleza," akasema.

Ofisini kwa mkuu wa kikosi, Sajini alisimama wima akamtetea mtu wake. Alisema operesheni imemharibu. Alisema miaka kumi na mitano ya kazi. "Na faili lake, mkuu! Halina doa hata moja!"

"Faili ni karatasi, Sajini," mkuu akasema. "Mkono ni mfupa. Na wewe ulijua."



Amri ilitoka kabla ya saa sita. Koplo arudishe silaha na asipewe nyingine. Ahamie bweni la wasio na familia, upande wa pili wa kambi, na asikanyage safu ya nne. Kesi iende kwa polisi wa raia na mahakamani kama kesi ya mtu yeyote. Fundi alipoletewa habari hizo na afisa ustawi, alikuwa amekwishaanza kukunja nguo zake kwa mkono mmoja.

"Unakwenda wapi?" afisa akamuuliza.

"Si nahama?"

"Anayepiga ndiye anayehama, dada. Wewe kaa. Kesi ikiendelea hakuna wa kukutoa hapa, na baadaye tutaangalia pamoja."

Nitakuwa mwongo nikiwaambia alifurahi. Wiki za kwanza nyumba ilikuwa kubwa mno. Alfajiri aliamka saa ile ile, akasikiliza, na hakukuwa na kitu cha kusikiliza. Bombani wanawake walimpisha foleni, lakini haikuwa heshima. "Huyo kamchongea mumewe," walinong'ona. Kazi zikapungua, hakuna askari aliyetaka kuonekana akipeleka suruali kwake, namba tisa. Jioni Fundi na Kidoti walikula wakitazamana, na wakati mwingine Fundi, Mungu amsamehe, alimkumbuka yule mtu wa pipi, akalia kwa ajili yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; tusimhukumu.

Siku moja mchana Mama Pacha aligonga. Mkononi alikuwa na sketi.

"Zipu imekufa," akasema.

Fundi akaikagua. "Zipu nzima hii."

"Najua." Mama Pacha akabaki mlangoni, kidole kikizunguka kwenye pindo la kanga yake. "Shoga, niliongeza redio. Kila mara. Nilikuwa naongeza mpaka mwisho, pacha wangu wanaziba masikio. Na siku ile ya mkasi, nilijua. Mtoto alivyofungua mlango, nilijua. Nikaenda zangu."



"Kumbe ni wewe," Fundi akasema. "Nilikuwa najiuliza nani mwenye betri nzuri hivyo."

Mama Pacha akacheka, akalia, akaingia. Alikaa mpaka jioni. Alishika upande mmoja wa nguo kwa mkono wake, Fundi upande wa pili, na kwa mikono mitatu wakamaliza suruali nne.

Na Koplo? Mahakama ilimpa kifungo cha nje, kwa sharti la matibabu na kukaa mbali, na akijaribu kuvunja sharti ataingia ndani. Jeshi lilimvua tepe moja. Daktari wa akili alimweleza Fundi wazi: "Mpakani alipata jeraha ambalo halionekani. Usingizi wake, kushtuka kwake, hayo ni maradhi, tutayatibu. Lakini mkono uliochagua shingo yako ukaiacha shingo ya mkuu wake, huo haukuwa umelala. Hilo si maradhi, hilo atalijibia na kujifunza kuliacha, kila wiki, mwaka mzima na zaidi." Koplo alianza kwa kununa. Mwezi wa tatu akaanza kuzungumza. Alileta barua ya kuomba radhi yenye kurasa nne, na afisa ustawi akamwambia Fundi, "Isome ukitaka. Machozi si tiba, tutazame mwaka." Fundi aliisoma, akaiweka ndani ya kabati. Hakurudi kwake. Huenda asirudi kamwe, na hakuna anayemsukuma.

Jumamosi Koplo humwona bintiye ofisini kwa afisa ustawi, afisa akiwepo. Jumamosi ya kwanza Kidoti alisimama wima akatoa ripoti yake. Koplo hakupiga saluti. Akapiga magoti mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto. "Usinisimamie hivyo tena, mama," akasema. "Baba ndiye aliyekosea."

Mtoto hakulegea siku ile. Wala Jumamosi iliyofuata. Mambo haya huchukua muda.

FUNZO

Jamaa zangu wa kota na wa mitaani, nyumba ya mwanajeshi si ghala la silaha. Haina siri ya taifa ndani yake. Mtu akimpiga mkewe, au mke akimpiga mumewe, hilo si kosa la nidhamu la kumalizwa kwa lindo la siku tatu. Ni jinai, na ni hatari, hasa ikiwa mikono imefika shingoni au kuna bunduki ndani. Mkubwa wa kazi anayeficha ili "asimharibie mwenzake," ajue kwamba anaharibu mara mbili: anamnyima aliyeumizwa msaada, na anamnyima anayeumiza matibabu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wewe unayepigwa, si kosa lako, na huhitaji ushahidi wa mfupa kuvunjika ndipo uende. Tafuta mlango usiorudi kwake: muuguzi, daktari, ustawi, polisi, mtu wa dini unayemwamini, dada yako. Ukifungiwa mmoja gonga mwingine. Wewe unayepiga, ukijiona unashtuka, hulali, mkono unakutangulia, nenda zahanati leo kwa miguu yako mwenyewe, kabla hujapelekwa. Kwenda kutibiwa hakukupunguzii cheo chochote cha maana. Na sisi majirani, tukisikia, tupunguze redio. Tugonge. Tuombe hata chumvi, lakini tugonge, na mtoto akitufungulia mlango kidogo tu, tusiondoke.

Fundi amekwishatolewa plasta. Mkono bado unamsumbua asubuhi za baridi, lakini wateja wamerudi, na amejiandikisha masomo ya jioni ya ukataji mitindo. Mama Pacha ndiye anayebaki na mtoto. Afisa ustawi amemtafutia chumba nje ya kambi, chenye dirisha kubwa, kwa ajili ya siku atakapokuwa tayari.

Juzi alikuwa amekaa akipima kitambaa, pini zimejaa mdomoni, kitu kikadondoka jikoni na kupasuka vipande. Fundi akaacha kupima. Kisha Kidoti akatokea, mikono inachuruzika maji ya sabuni, akamtazama mama yake usoni, akasema kwa sauti ambayo hata namba kumi waliisikia:

"Mama, nimevunja kikombe."